Haki za Miloje Vranić

Jumatatu, 6 Januari

Theluji tangu alfajiri. Bernadette, dada yangu, aliniletea daftari hili siku ya Krismasi. "Andika hata mstari mmoja kwa siku," alisema, "usije ukaanza kuongea na jokofu." Sikumwambia kwamba nimeshaanza.

Mume wangu Emil alifariki tarehe tisa Novemba. Leo nimekaanga mayai mawili badala ya manne bila kujikumbusha. Ni mara ya kwanza.

Ofisini mambo ni yale yale. Wahunzi wa Pittsburgh, timu yetu ya mpira wa kikapu, wameshinda mechi tisa na kufungwa ishirini na saba. Tunajenga timu upya, na timu inayojengwa upya hufungwa sasa ili ipate vijana wazuri kwenye uteuzi wa Juni, ambapo timu mbovu ndizo huchagua mapema. Nimekuwa karani wa mikataba hapa miaka thelathini na mmoja. Huu ni ujenzi wa nne.

Jumatano, 8 Januari

Tumefungwa.

Ijumaa, 10 Januari

Lamont Bridgeforth amekuja kuondoa theluji kwenye ngazi zangu. Hajaniuliza, nimesikia tu koleo likikwaruza. Ndiye nahodha wetu, mchezaji wa kati, ana miaka thelathini na minne, na huinama kila akipita mlango wa jikoni. Siku ya mazishi alishika jeneza mbele, upande wa kulia, akipiga magoti kidogo ili wenzake wamfikie.

Nimempa kabichi na tambi. Akarudia sahani.

"Mama Kubiak, humu umetia nini?"

"Siagi."

"Siagi tu?"

"Siagi nyingi."

Akacheka, kisha akaniuliza kama nalala. Nikasema nalala. Akanitazama kama anavyomtazama mwamuzi.

Mama yake amezikwa hapa mjini, nyumba yake iko hapa, na watu wote wa kanisa lake wako hapa. Nilipomwona akivaa viatu nilijiambia, huyu hang'oki.

Jumatatu, 13 Januari

Kikao. Grant Yoder, meneja mkuu, ana miaka thelathini na sita na alikuwa mwanasheria. Sijawahi kumwona ameketi, hata akila. Emil alimwita Saa ya Ukutani. Pamoja naye alikuwa Tobin, kijana wa takwimu, ambaye kwake kila mtu ni desimali.

Wamezunguka saa nzima wakitafuta wa kubadilishana naye wachezaji. Mwishoni nikathubutu. Emil na mimi tulikuwa tukipanga mabadilishano ya timu tatu mezani, yeye akitumia kichupa cha chumvi, haradali na bakuli la sukari, kwa hiyo ramani nilikuwa nayo kichwani.

"Tampa wanataka mchezaji wa kati," nikasema, "lakini mshahara wa mchezaji wao Salcedo umewafikisha kwenye kikomo cha ligi. Kansas City wana nafasi ya mshahara ule. Salcedo aende Kansas City. Sisi tuwape Tampa mchezaji wa kati. Tampa watulipe kwa zamu ya Kansas City ya kuchagua katika raundi ya kwanza mwaka huu, waliyoipata zamani na hawaihitaji."

Tobin aliacha kuandika. "Bi Rosalie, haya umeyasomea wapi?"

"Jikoni."

Mchezaji wa kati niliyemfikiria ni Huff, wa akiba.

Jumapili, 19 Januari

Baridi kali. Bomba la bafuni limeganda. Tumefungwa na timu inayofungwa na kila mtu.

Jumanne, 21 Januari

Tampa wamemjibu Grant. Tobin alilisoma jibu kwa sauti. "Wanasema Huff wanaweza kumtazama bure kwenye televisheni. Wanamtaka Bridgeforth."

Wakaanza kupiga hesabu bila kupumua. Mimi nilikwenda chooni nikafungulia maji.

Ijumaa, 24 Januari

Lamont amekuja, theluji ikiwa kidogo tu. Nimemficha niliyoyajua. Yeye naye hakurudia sahani. Hachezi siku hizi. Tangazo linasema goti.

Jumanne, 28 Januari

Lazima niandike yote, maana sina wa kumwambia.

Asubuhi Tampa wamekubali. Lamont kwao, Salcedo kwa Kansas City, na sisi tupate zamu ile, bila sharti lolote. Hata ikiwa ya kwanza kabisa, ni yetu. Grant aliketi. Nimesema sijawahi kumwona akiketi.

Kisha nikasoma kanuni, kama ilivyo kazi yangu, nikaona kikwazo. Katika mabadilishano ya timu tatu, kila timu lazima iguse zile nyingine mbili, kwa kutoa au kupokea kitu. Sisi na Kansas City hatugusani. Hawawezi kupokea mchezaji, maana orodha yao ya watu kumi na watano imejaa. Zamu zetu za raundi ya pili meneja aliyepita aliziuza hadi mwaka ambao huenda sitauona.

"Haki," akasema Tobin. "Tuwape haki za mchezaji yeyote tuliyemteua zamani akabaki ng'ambo. Halipwi, hachukui nafasi. Ni jina tu."

Grant akanigeukia. "Bi Rosalie, tunaye mtu kama huyo?"

"Kwenye kompyuta hakuna," nikasema.

Ni kweli, kwenye kompyuta hakuna.

Miaka kumi na sita iliyopita Emil, ambaye alikuwa msaka vipaji wa timu hii, alirudi kutoka Serbia na kikohozi na jina. Miloje Vranić, miaka kumi na tisa. Alimwona akicheza kwenye ukumbi uliovuja, ndoo zikiwa zimepangwa sakafuni, na kijana yule alikuwa akipiga chenga wapinzani pamoja na ndoo. Tukamchagua wa hamsini na tatu. Hakuja. Kwanza mama yake aliugua, kisha goti, kisha ndoa. Sasa anauza vigae huko Čačak, lakini kila Pasaka alimtumia Emil kadi.

Miaka saba iliyopita meneja aliyepita aliniamuru niandike barua ya kumwacha. Niliiandika, ikatiwa saini, jina likafutwa kwenye kompyuta yetu. Jioni Emil akasema, "Rosie, iache kwenye droo wiki moja." Bado iko kwenye droo. Haikufika kwenye ligi, na kwa ligi Miloje Vranić bado ni wetu. Aliyebaki hai anayelijua hilo ni mimi.

Nikisema, Lamont anaondoka, na kitu cha mwisho kilichobaki cha Emil katika timu hii kinaondoka naye kama chenji.

Sikusema.

Jumatano, 29 Januari

Wamepigia timu saba kuomba hata jina la bure. Tobin kasema, "Watu hawa ukiwaomba chumvi wanataka shamba." Siku ya mwisho ya mabadilishano ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri.

Alhamisi, 30 Januari

Theluji. Sikusema.

Ijumaa, 31 Januari

Nyota wa Kansas City amevunjika mguu jana usiku. Tobin ameingia ofisini akipiga makofi. "Hao sasa wanaanguka kama gunia. Zamu yao inaweza kuwa ya tano, ya tatu, hata ya kwanza. Na Tampa walishasema ndiyo."

"Ndiyo ya mdomo," akasema Grant. "Haijatiwa saini. Tafuteni jina."

Akapita mezani kwangu, akarudi. "Bi Rosalie, hebu tazama tena mafaili ya karatasi. Ya zamani kabisa."

Nikasema nitatazama. Nilishuka ghalani, nikakaa juu ya sanduku dakika arobaini.

Jumatatu, 3 Februari

Tampa nao wana magazeti. Sasa wameweka sharti: zamu ya Kansas City ikiangukia kati ya ya kwanza na ya nane, inabaki kwao, na sisi tunapata mbili za raundi ya pili. Ikizidi nane ndiyo yetu.

Grant hakugomba. Alisema taratibu, akiangalia dirisha, "Kama tungetia saini Jumanne ile, ingekuwa imekwisha."

Nikaendelea kupanga karatasi.

Jumanne, 4 Februari

Tumefungwa. Sikusema.

Jumatano, 5 Februari

Lamont amekuja jioni, na leo haikuanguka theluji. Amekaa kwenye kiti cha Emil bila kujua, au akijua.

"Mama, nikuulize kitu. Ile habari ya Tampa imekufa?"

Nikamuuliza anaijuaje.

"Mimi ndiye niliyemwomba Grant. Desemba. Nilimwambia anitafutie timu inayocheza ili ishinde. Goti langu haliumi, Mama. Wananiambia nikae tufungwe vizuri. Nina misimu miwili imebaki kwenye miguu hii, labda mmoja."

"Lakini mama yako yuko hapa."

"Mama yangu hatazami mechi." Akatabasamu kidogo. "Nilimwomba Grant asikwambie. Ulikuwa umezika mwezi uliotangulia. Nikasema acha theluji ipite."

"Na kanisa lako? Na nyumba?"

"Nyumba ina kufuli."

Nikamimina kahawa, ikafurika kikombe. Akachukua kitambaa akafuta mwenyewe.

"Grant alipata timu mbili Januari, zenye malipo mazuri kuliko Tampa," akasema. "Akazikataa kwa sababu nazo zinafungwa. Aliniambia, sikutoi jalalani nikutupe jalalani. Watu wanamwona mtu wa mahesabu tu."

Mmoja wa watu hao ni mimi.

Alipoondoka nilikaa na taa ya jikoni. Nilikuwa nikijiambia nambakiza asiumie. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja akimlinda mwenzake dhidi ya jambo ambalo mwenzake hakuliogopa. Tofauti ni kwamba yeye aliniletea koleo, na mimi nilimfungia mlango.

Alhamisi, 6 Februari

Saa saba na nusu mchana nilipiga simu kwenye ligi. Mtu wa kumbukumbu akatafuta, akasema, "Vranić, Miloje. Ndiyo, Pittsburgh. Bado."

Nikaingia kwa Grant. "Tunaye mtu. Serbia. Alichaguliwa wa hamsini na tatu. Ligi imethibitisha sasa hivi."

Tobin akaruka kutoka kitini. Grant hakuruka. "Tangu lini tunajua?"

"Nimeuliza leo," nikasema. Kweli nyingine ya aina ile.

Akaniangalia kwa muda ambao hatukuwa nao, kisha akachukua simu. Alijaribu kuwaondoa Tampa kwenye sharti, walicheka. Alijaribu liishie zamu ya nne badala ya nane. Walisema saa inakwenda. Saa nane na dakika arobaini na tano akakubali.

Kisha ikaja simu ya pamoja ya ligi, ambapo kila timu husoma kwa sauti inachotoa na inachopokea, na jambo likitajwa vibaya hakuna mabadilishano. Kwetu msomaji ni mimi. "Pittsburgh inaipa Tampa Lamont Bridgeforth," nikasoma. "Pittsburgh inaipa Kansas City haki za Miloje Vranić."

Karani wa Kansas City, mwanamke, akauliza, "Huyu yuko wapi?"

"Anauza vigae."

"Tuna bafu linalohitaji," akasema, na wote wakacheka kwenye simu, hata ligi. Nami nilicheka. Kisha nikasikia, "Imeandikwa," na likawa limekwisha.

Lamont alinikumbatia ukumbini mbele ya watu. Uso wangu ulifika kwenye vifungo vyake vya tumbo.

Jumamosi, 8 Februari

Theluji inchi saba. Nimeitoa mwenyewe, ngazi tatu leo, tatu kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Samaki wa Kwaresima kanisani na Bernadette. Foleni hadi barabarani. Nyuma yetu wanaume wawili walibishana kama tumteue yule mrefu wa Lithuania au mlinzi wa Ohio. "Urefu haufundishwi," alisema mmoja. "Na macho hayafundishwi," akajibu mwenzake, "na unayemtaka ni kipofu." Nilitaka kuwaambia wachague kipaji kwanza na mahitaji baadaye, kama Emil alivyosema siku zote. Nilikula samaki wangu.

Jumapili, 30 Machi

Mvua badala ya theluji. Kansas City wamefungwa mechi ya tisa mfululizo. Kila asubuhi naangalia matokeo yao kabla ya yetu.

Jumapili, 13 Aprili

Msimu wetu umekwisha. Ushindi kumi na tisa. Tampa wanaendelea na mtoano, Lamont alipata pointi kumi na nne na hakuketi ila kwa kupumzika.

Jumatatu, 12 Mei

Bahati nasibu ya kupanga zamu za uteuzi. Wanayo mipira kumi na minne kwenye mashine, kama ile ya kanisani ya kuchangisha paa. Sisi tumeangukia ya sita. Kansas City wameangukia ya pili.

Ya pili. Kwa sharti lile, ni ya Tampa. Tarehe 28 Januari ilikuwa yetu.

Tobin alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Grant alitoka kwenda kwa waandishi, nikamsikia mlangoni akisema, "Nilichelewa siku chache. Ni kosa langu, msimtafute mwingine."

Jumanne, 13 Mei

Nimempelekea Grant barua kutoka kwenye droo. Aliisoma akiwa amesimama, akatazama tarehe ya miaka saba iliyopita.

"Hii haikutumwa."

"Haikutumwa. Nilijua tangu siku ile uliyoniuliza. Nilikujibu kwamba kwenye kompyuta hakuna. Ghalani sikutafuta kitu, nilikaa tu."

Akaketi. "Kwa nini?"

"Nilidhani Lamont anataka kubaki. Sikumuuliza. Na jina hilo ni Emil aliyelileta."

Nje walikuwa wakikata nyasi. Alisubiri mashine ipite.

"Ungeniambia 'ninaye lakini sitaki kumtoa,' ningekuelewa," akasema. "Pengine ningekubishia, lakini ningekuelewa. Mimi nilikuwa napiga simu hadi sauti ikanikauka, nawe umekaa hatua sita kutoka kwangu."

"Ndiyo."

"Wenye timu wameniita Ijumaa."

"Nitakwenda nawe niwaambie."

"Hapana. Watakutoa siku hiyo hiyo, na mimi watanibakiza wakinicheka." Akaikunja barua kwenye mikunjo yake ya zamani. "Niliyesema nimechelewa ni mimi, na hilo limekwisha kusemwa. Lakini siwezi kufanya kazi na mtu nisiyejua lini ananijibu kweli. Kaa hadi uteuzi upite, Bi Rosalie. Kisha ustaafu."

Nikasema ni haki. Alinifungulia mlango, na sikuweza kujua kama ni adabu au hasira. Nadhani vyote viwili.

Ijumaa, 16 Mei

Wenye timu wamembakiza. Amerudi bila tai.

Jumatano, 25 Juni

Joto. Uteuzi. Tampa, kwa zamu ya pili, wamemchukua mlinzi wa Ohio, yule aliyetakwa na kila mtu. Kwa ya sita Grant alimtaka mtu wa kuziba pengo la Lamont. Tobin alimtaka yule Mlithuania.

Grant akanigeukia, mara ya kwanza tangu Mei. "Wewe?"

"Mlithuania. Pengo litazibwa na yeyote. Kipaji hakipatikani mara mbili."

Akafikiri. Akamchagua. Kwa zile mbili za raundi ya pili, Tobin alipendekeza mabadilishano ya timu tatu, nami nikakagua kugusana, kila timu na mwenzake. Safari hii palikuwa na kitu cha kugusana kila upande.

Mwishoni Tobin alinipa keki yenye maandishi ya krimu. Grant alikula kipande akiwa ameketi karibu yangu.

Ijumaa, 27 Juni

Lamont amepiga simu. Tampa walitolewa hatua ya nne, naye yuko kwake, nimesikia feni.

"Mama, nasikia umestaafu. Nimeambiwa na Tobin. Yaani Tobin."

"Kuna jingine ambalo sikukuambia."

Nikamwambia lote, kuanzia kompyuta hadi sanduku la ghala. Sikulainisha. Nilipomaliza feni ilikuwa bado inazunguka.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tisa."

"Mechi nne hizo, Mama. Nimekaa benchi nimevaa suti kama mchungaji."

"Najua. Nilizitazama."

"Na ile jioni nakueleza nataka kuondoka, nafuta kahawa yako, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Ningeweza kusema kwamba nilikuwa na majonzi. Ni kweli, na ingeonekana sababu nzuri. Lakini nilikwisha kutumia kweli nyingi za aina hiyo mwaka huu.

"Samahani, mwanangu," nikasema. "Nilikutaka karibu kuliko nilivyokutakia mema."

"Usilimalize kwenye simu," akasema. Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Nataka nikasirike kwanza. Nipe hadi Jumapili. Halafu uje huku uniambie tena, nikikuona."

"Nije Tampa?"

"Mimi nilikuja kwako Ijumaa ngapi?"

Sikuwa na hesabu hiyo. Yeye alikuwa nayo, lakini hakuitaja.

Nimekata tiketi ya Jumatatu, kiti cha dirishani. Bernadette ameniuliza nitakaa siku ngapi. Nimemwambia hilo si langu kupanga.